Mng'ao wa Ziwa na Namba Zangu Nzuri

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2003

Siku kubwa! Jafari, mwenye mtumbwi wa mota unaokwenda Kigoma na kurudi, ameleta kifurushi shuleni. Kimefungwa plastiki tatu. Juu kimeandikwa: Kwa Mwalimu wa Sayansi, mjini Baraka.

Mwalimu wa sayansi ni mimi, Élie Wilondja, fizikia na hesabu. Raphaël, mwalimu wa jiografia, akasema jiografia nayo ni sayansi. Nikamjibu kwamba kwa hesabu hiyo hata kusonga bugali ni sayansi. Prefe Jacques, mkuu wetu wa shule, akakata maneno: kifurushi ni changu. Raphaël akanuna hadi kengele ya saa sita.

Ndani mna bomba jeusi, fupi, lenye kipande cha filamu ya kijivu mdomoni. Filamu inazunguka ukiisukuma kwa kidole. Nyuma pana tundu la kuwekea jicho na sindano ndogo inayoonyesha namba. Halina betri! Mwanga wenyewe ndio unaoisukuma sindano. Nimeligeuzageuza saa nzima.

Barua imetoka kwa Madame Fanny, aliyenifundisha Bukavu kabla ya vita. Sasa yuko kwao Ulaya. Anasema kuna setilaiti inayopita juu ya ziwa letu kila siku saa nne na nusu asubuhi, kupima vumbi na moshi vilivyomo hewani. Shida ni ziwa. Jua likipiga majini linarudi juu na kuitia setilaiti kiwi, isijue mwanga upi ni wa moshi na upi ni wa maji. Kwa hiyo Madame ametengeneza modeli, yaani hesabu ndefu ya kukisia mng'ao wa maji: jua likiwa hapa, upepo ukiwa hivi, mng'ao utakuwa kiasi hiki. Ukishaujua, unauondoa, unabaki na moshi wako. Ila hakuna mtu aliyewahi kusimama pwani yetu na kuangalia kama hesabu inasema kweli. Anaomba siku kumi na mbili, mahali pamoja, saa nne na nusu. Niandike upepo, sifuri mpaka tano, na niandike namba ya mng'ao. Kila kitu niandike kama nilivyokiona, hata kikiwa kibaya.

Kazi ikiwa ya kweli, atatuma sanduku la laboratwari. Prizimu! Lenzi! Vioo!

Laboratwari yetu iliporwa mwaka wa tisini na nane, waling'oa hata mabomba ya maji. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wanajifunza prizimu kwa kipande cha sabuni. Mwakani watafanya mtihani wa Serikali bila kuwahi kushika lenzi. Nafsi yangu inaniuma kila nikikata sabuni ile. Ufunguo wa laboratwari anao Raphaël, na ndani mmejaa magunia sita ya muhogo wake. Leo Prefe ametangaza mbele ya walimu wote: atakayefikisha sanduku ndiye atakayeshika ufunguo. Nilimtazama Raphaël. Alikuwa akitazama dirisha.

Kuna pia bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani mna jedwali la modeli. Madame ameandika juu kwamba nisiifungue kabla ya kumaliza kupima. Nimeiweka chini ya godoro. Mimi ni mtu wa neno langu.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimefungua bahasha. Nilitaka tu kuona kama panya hawajaila.

Nimeanza kazi pwani ya Mama Riziki, ambako yeye na wenzake huosha bidoni, madumu ya mafuta ya mawese yanayoshuka kutoka upande wa Lulimba. Ni karibu na shule, na pana jiwe zuri la kukalia. Jua lilikuwa juu ya maji, upande wa Ubwari. Nikaelekeza bomba kwenye mng'ao, nikazungusha filamu. Mng'ao ukafa! Nikaizungusha tena, ukafufuka. Nikaua na kufufua ziwa mara thelathini, nikacheka peke yangu mpaka bamama wa bidoni wakaacha kuosha.

Madame anaeleza hivi: mwanga wa jua unakuja ukitikisika kila upande. Ukigonga maji, ule unaorudi hutikisika zaidi kwa kulala. Na filamu ni kama mlango mwembamba. Mtu aliyebeba mti mrefu akiulaza ubavu hapiti, akiusimamisha anapita. Nimefundisha fizikia miaka kumi na minne. Nimelitazama ziwa hili miaka arobaini na moja. Sikujua kwamba mwanga wake umelala. Niliona hata aibu kidogo.

Upepo: mbili. Namba: 80. Nikarudi mbio nyumbani kutazama jedwali. Kwa upepo wa mbili, jedwali linasema 41.

Pigo la kwanza.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Jana 79, leo 81. Upepo leo ulikuwa tatu, matawi ya miembe yalikuwa yakiyumba, nguo za Pulchérie ziliruka hadi kwa jirani. Mng'ao wangu haujali. Mbali kule katikati maji yamechafuka na yamekuwa meusi. Mbele ya jiwe langu yametulia, yanawaka.

Nimelisoma jedwali kwa makini. Upepo sifuri, 90. Moja, 62. Mbili, 41. Halafu tatu, 71! Halafu nne, 12. Tano, 8. Kwa nini mng'ao unashuka, unashuka, halafu unaruka ghafla, halafu unaanguka shimoni? Nimekaa na swali hilo usiku na mchana. Kompyuta ya Ulaya haiwezi kuruka bila sababu.

Kuhusu namba zangu, sababu naijua. Ni bidoni za Mama Riziki. Bamama wanasumbua ziwa langu, na namba za aibu namna hii hazileti sanduku. Lazima wahame.

Pulchérie, mke wangu, ameniuliza kwa nini nisihame mimi. Wanawake hawaelewi kazi ya utafiti.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mpango wa kwanza. Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa, nikaligonga muhuri wa maktaba ya shule, kwamba mwanga wa pwani hii umelala na ni hatari kwa macho ya watu wanaoosha vyombo. Nikalitundika mtini.

Mama Riziki hajasoma, akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akauliza kama mwanga uliolala ni mgonjwa au umechoka. Bamama wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alicheka hadi bidoni yake ikaelea, ikabidi niifuate majini na suruali yangu ya darasani. Mchana tangazo lilikuwa limeziba tundu la bidoni.

Namba: 80. Ziwa halina haya.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nilijua siku hii itafika. Komanda wa basoda, askari wa kizuizi cha pwani, amenitumia mtu. Mwanaume anayeelekeza bomba majini kila siku saa ile ile, halafu anaandika namba! Wakati huu wa vita! Nilijiandaa. Barua ya Madame, kitambulisho, kadi ya ubatizo, na hotuba ya kurasa mbili inayoanza na Waheshimiwa. Pulchérie alilia.

Komanda hakutaka hotuba. Alitaka kuangalia. Akaweka jicho, nikamzungushia filamu, mng'ao ukafa, akaona chini kabisa: mawe, samaki wadogo, mchanga. Akaizungusha tena mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "ile kintu yako inaonaka mpaka chini?"

Nikasema ndiyo, kwa kiburi. Hilo lilikuwa kosa. Sufuria kubwa ya kikosi ilizama mwezi uliopita karibu na gati, na tangu hapo wanapika kwa zamu. Saa nne na nusu, setilaiti ilipokuwa ikipita juu ya kichwa changu, mimi nilikuwa ndani ya maji, nimeshika mkono wa sufuria, askari wanane wakinielekeza kulia na kushoto. Niliibuka nayo. Wakanipigia makofi. Nikapewa kichwa cha samaki, mgebuka.

Lakini namba ya leo? Siku ikikosekana, kumi na mbili inakuwa kumi na moja. Nilikaa nikafikiri. Upepo ulikuwa kama mbili hivi. Jedwali linasema 41. Nimeandika 42. Ile moja ya ziada nimeiongeza kwa sababu mtu anayepima kwa mkono lazima akosee kidogo.

Ni namba nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Nimeitazama sana.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Ufunuo! Niliamka nao. Upepo ukifika tatu, mawimbi yanakuwa na mgongo wa kadiri, si mdogo si mkubwa, na kila mgongo unageuka kioo. Ndiyo sababu mng'ao unaruka kutoka 41 mpaka 71. Upepo ukizidi hapo, migongo inavunjika, mng'ao unakufa. Kitu hiki hakina jina katika kitabu chochote nilicho nacho, na vitabu ninavyo vinne. Nimekiita Mruko wa Wilondja.

Nimewafundisha mwaka wa tano saa mbili nzima. Wamechora mchoro. Nimewaambia waukumbuke, utatoka kwenye mtihani.

Raphaël alisimama mlangoni akisikiliza. Kazi yake ni hiyo, kusimama milangoni. Baadaye mbele ya Prefe akasema jambo hilo haliwezekani. "Upepo ikizidi, mayi inakuwa tu nyeusi," akasema. "Hata mbuzi anaona ile." Nikamwambia tuna modeli ya Ulaya upande mmoja, na mbuzi wa Raphaël upande wa pili, Prefe achague. Prefe akasema ana kikao.

Kusema kweli, nilipokuwa pwani leo, upepo ulikuwa tatu kabisa. Huko mbali, nje ya pwani ya bidoni, nilitafuta Mruko kwa bomba. Sikuuona. Maji yalikuwa meusi. Labda yalikuwa hayajajipanga vizuri.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Naandika juu ya magoti, chini ya muhogo. Jana alfajiri milio ya bunduki ilianza upande wa milimani, barabara ya Fizi. Watu wakakimbia. Pulchérie alibeba mtoto wetu Espérance na unga. Mimi nilibeba bomba na jedwali. Tulipofika shambani akaniuliza chumvi iko wapi. Sijasamehewa.

Watu ni wengi hapa, moto umekatazwa, tunatafuna muhogo mbichi. Mzee mmoja jirani anakohoa usiku kucha. Niliogopa sana jana, siwezi kuficha. Halafu asubuhi jua lilichomoza, nikalitazama anga kwa bomba, nikazungusha filamu. Anga nayo inabadilika! Upande fulani inakuwa nzito na buluu, ukizungusha inafifia. Hata hewa inaulaza mwanga! Nikamwonyesha yule mzee. Akaacha kukohoa kidogo. Akasema miaka yote hiyo alidhani anga ni moja tu. Watu wakapanga mstari, wakatazama mmoja mmoja, bila makelele, bunduki zikisikika kwa mbali.

Saa nne na nusu niliandika namba ya ziwa. Ziwa halionekani kutoka hapa, lakini nasikia upepo, na nina jedwali. Jana 62. Leo, upepo wa tatu, nimeandika 70, ili Mruko uonekane bila kujivuna.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Tumerudi. Nyumba ipo. Mlango haupo. Kuku wawili hawapo. Tumshukuru Mungu, wengine wamepoteza zaidi.

Nimekaa na orodha yangu. Siku kumi na mbili zimetimia juzi. Za jedwali ni safi, zinapendeza. Zile za kwanza, za pwani ya bidoni, 80, 79, 81, zimesimama katikati ya wenzao kama walevi kanisani. Nikafikiri: Madame ni mgonjwa wa macho, amesoma usiku mwingi kwa ajili ya sayansi, kwa nini nimtese? Nimechukua karatasi mpya. Siku za pwani ya bidoni nimezirekebisha kwa jedwali, moja nimeongeza, moja nimepunguza. Orodha yote sasa ni nzuri mno. Ile ya zamani nimeitupa.

Nimemkabidhi Jafari, naye anaondoka leo. Binti yake aliyeko Kigoma ataiandika kwenye kompyuta ya intaneti. Nimeweka pia ukurasa mzima kuhusu Mruko wa Wilondja. Jafari aliuliza kama barua ina siri yoyote, maana anasimamishwa majini. Nikamwambia ina siri ya nuru. Akasema basi ataiweka chini ya ndagala, dagaa anaopeleka sokoni.

Nimekwenda kuiangalia laboratwari kwa nje. Nimepima dirisha kwa hatua. Prizimu zitakaa upande wa jua.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Leo Raphaël ameninunulia soda. Raphaël! Hajawahi kuninunulia hata njugu. Nikanywa kwa wasiwasi, nikaimaliza.

Baadaye nikaelewa. Pulchérie anauza karanga za kukaanga penye njia ya soko, na karatasi za kufungia ni shida tangu vita. Leo asubuhi Raphaël alinunua karanga. Alipozimaliza akafungua karatasi. Mwandiko wangu! Tarehe tatu, upepo mbili, 80. Tarehe nne, 79. Orodha yote ya zamani!

Nilimkaripia Pulchérie. Akaniuliza kwa utulivu, "Baba Espérance, si ni ile karatasi ulitupaka?" Nikasema karatasi ya utafiti haitupwi hata ikitupwa. Akasema basi nimletee mlango kwanza, halafu tutaongea karatasi.

Nimesikia Raphaël ameshampa mtu wa mtumbwi wa Kazimia barua ya kupeleka Kigoma. Ndani ameweka karatasi ya karanga, ipigwe picha na kutumwa kwa intaneti. Amemwandikia Madame kwamba Élie Wilondja ana orodha mbili, ya majini na ya mezani. Nyoka! Anataka kulinda muhogo wake.

Siogopi. Madame atalinganisha orodha zote mbili na modeli yake, na atapenda ile inayofanana nayo. Kila mtu humpenda mtoto anayefanana naye.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Hakuna habari. Sijalala vizuri. Nimekwenda pwani bila kazi, nimekaa jiweni na bomba. Niligundua kitu cha ajabu. Saa mbili na nusu asubuhi, filamu inaua mng'ao wote kabisa, haubaki hata punje. Saa nne na nusu unabaki kidogo. Saa sita karibu haufi kabisa! Maji ni yale yale. Jua tu limepanda. Nilikaa mpaka njaa ikanifukuza, nikijaribu kukisia saa ambayo mwanga unalala vizuri kuliko zote.

Sikuandika namba yoyote. Hakuna aliyeziomba.

Jumatano, tarehe 25 Juni

Jibu limefika kwa mtumbwi wa Jafari, limechapishwa Kigoma. Nalinakili hapa.

Madame anasema ameipokea orodha yangu na imemshangaza. Kila siku inafanana na jedwali lake, haipishani kwa zaidi ya moja, hata tarehe ambazo redio ilisema watu wa Baraka wamekimbia. Anauliza nilikuwa wapi. Halafu anasema jambo jingine. Yule aliyechapa jedwali alikosea. Kwenye upepo wa tatu ilitakiwa 17. Vidole vikageuza, ikawa 71. Kosa hilo limo katika bahasha yangu tu, halimo ziwani.

Nami nimelipima mara tatu. Nikaliita kwa jina langu.

Nilikaa chini. Pulchérie akaleta maji.

Barua iliendelea. Kuhusu karatasi ya Monsieur Raphaël, yenye mafuta na chumvi, Madame anasema amekesha nayo. 80, 79, 81, upepo ukivuma! Namba hizo hazifanani na modeli hata kidogo, na ndizo alizokuwa akizitafuta. Modeli yake inajua upepo tu. Kuna kitu pale pwani kinacholaza maji wakati upepo unataka kuyaamsha, na setilaiti ikipita hapo inadanganyika. Anauliza: kuna nini katika maji yale? Anasema namba nzuri anaweza kujitengenezea mwenyewe kwa kompyuta, bila mtu wa Baraka kulowa. Anachokosa ni namba za kweli.

Sanduku? Sanduku liko tayari, limefungwa. Atalituma tukipima siku kumi na mbili nyingine pale pale, kwa uaminifu. Amepiga mstari chini ya neno uaminifu. Mara mbili.

Ijumaa, tarehe 27 Juni

Kikao mbele ya Prefe. Raphaël amevaa tai. Prefe amesoma barua yote kwa sauti, hata sehemu ambazo hazikuhitajika. Mwalimu wa Kifaransa alitoka nje kucheka, akarudi, akatoka tena.

Uamuzi: nitapima mimi, kwa kuwa jicho langu limezoea bomba. Raphaël ataangalia upepo na kutia sahihi kila ukurasa. Ufunguo unabaki kwake mpaka sanduku lifike. Lisipofika, muhogo utakaa pale hadi ahera. Wanafunzi wa mwaka wa tano wametumwa wafute Mruko kwenye madaftari yao. Mmoja aliniuliza kama bado utatoka kwenye mtihani. Nilishindwa kumtazama. Aliniuma zaidi ya Prefe, yule mtoto na kifutio chake.

Tukashuka pwani, mimi na Raphaël, kutafuta kilichomo majini. Tulibishana njia nzima. Yeye anasema ni chemchemi ya chini, mimi nasema ni joto la mawe. Mama Riziki alikuwa akiosha bidoni. Alitusikiliza kidogo.

"Ni mafuta, bamwalimu," akasema. "Mawese inalalishaka mayi. Siye tunajuaka ile tangu butoto. Ndiyo maana mitumbwi inafikiaka hapa. Mulituulizaka?"

Akamimina kidogo kutoka bidoni. Utando mwembamba ukatambaa, na vikunjo vya maji vikazimika mbele yake kimoja baada ya kingine. Mimi na Raphaël tukapiga magoti kwenye mchanga, na tai yake, tukitazama. Halafu Raphaël akasema hilo ni jambo la jiografia.

Jumanne, tarehe 1 Julai

Siku ya kwanza ya duru ya pili. Nimeanza upya, mtu mpya kabisa. Nimeyatafakari makosa yangu kwa siku tatu na nimeyaelewa. Nilimpa Madame namba nzuri, na Madame hapendi namba nzuri. Anapenda mbaya. Angeniambia tangu mwanzo!

Kwa hiyo tangu Jumapili jioni nimeandaa orodha mpya, siku zote kumi na mbili, mpaka tarehe kumi na mbili. Hazifanani na jedwali hata moja. Zimekaa ovyo kwa ustadi mkubwa: 38, 77, 9, 54. Nimefanya kazi kuliko mara ya kwanza, maana kuwa mbaya bila kurudia ni vigumu. Kurasa zote nimezipaka mawese kidogo, zionekane zimetoka pwani. Raphaël amekubali kutia sahihi zote kwa mpigo, maana ana muhogo wa kugeuza juani.

Nilikwenda pwani hata hivyo, kwa mazoea. Upepo ulikuwa mkali. Bamama walikuwa wameosha bidoni nyingi, na utando umefika mbali, una mpaka unaouona wazi: nje maji meusi yanayochemka, ndani mng'ao mtupu. Mtumbwi mmoja ulivuka mpaka huo, ukaacha kuruka, ukaja taratibu. Nilizungusha filamu. Ndani ya mpaka mwanga ukazimika, nje haukubadilika sana. Nikazungusha tena. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nilitamani wanafunzi wote wangekuwepo.

Saa yangu ikafika nne na nusu. Nikatazama sindano: 83. Nikatazama ukurasa wangu: 38, tayari una sahihi.

Nikarudia kupima. 83. Nikalitikisa bomba. 83.

Ziwa limekosea. Nimeacha 38.